Vitanda Kumi na Viwili vya Dagaa

Buswelu, Jumamosi jioni

Mwanangu Kabula,

Kwa mamlaka niliyonayo kama mkuu wa kaya hii, mamlaka ambayo mama yako huyatambua siku za sikukuu tu, natangaza rasmi kwamba kuanzia kesho asubuhi, mara utakapovuka kizingiti na begi lako, kile kiti cha plastiki cha bluu cha barazani, chenye mguu mmoja uliofungwa waya, kitakuwa changu. Nimekisubiri miaka sita. Kuku wameshaarifiwa. Hakuna aliyepinga.

Baada ya tangazo hilo, sasa tuzungumze.

Umekwenda Bujora kumuaga bibi yako, na kwa jinsi ninavyomjua mama yangu, hatakuachia mpaka umekula mara mbili. Mama yako yuko jikoni anakaanga karanga za safari. Kwa hiyo nina meza, nina utulivu, na nina kalamu inayoandika baada ya kutikiswa. Mambo ya chandarua, ya maji ya kuchemsha na ya kutoweka pesa yote mfuko mmoja sitayagusa. Mama yako ameshayasema, atayasema tena kesho bandarini, na ukifika Nansio, kule Ukerewe, atayasema kwa simu. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikimbia wiki mbili nzima.

Unaikumbuka ile Jumapili. Tulipomaliza kula uliondoa sahani, ukatandaza mezani mchoro wa mashine yako ya kukamua machungwa, kuyachuja, na kujaza juisi kwenye chupa zenye picha ya kisiwa. Ukaeleza jinsi machungwa ya Ukerewe yanavyooza chini ya miti msimu ukikolea, na jinsi mtu mwenye mashine angeyaokoa. Ulieleza vizuri. Ulikuwa umesimama, na mikono ilikuwa inakwenda kama ya bibi yako anaposimulia ugomvi wa majirani. Halafu ukaniuliza, "Baba, unaonaje?"

Nikasema, "Wazo zuri sana, mama."

Nilisema hivyo mara tatu. Nilikuja kuzihesabu baadaye, kitandani.

Kabula, nilikudanganya. Sisemi kwamba wazo ni baya. Uongo wangu ni kwamba nilijifanya najua. Mimi sijawahi kununua juisi ya chupa tangu nizaliwe. Nansio nimefika mara mbili, zote kwenye misiba, na msibani mtu hachunguzi biashara. Nilisema zuri kwa sababu macho yako yalikuwa yanang'aa, na sikuwa na moyo wa kuyazima. Sasa kesho asubuhi, kabla ya kupanda meli, utapita kwa fundi wa mashine kumkabidhi pesa, ile yote uliyoidunduliza miaka minne ukisimama kwenye duka la watu. Fundi akishaipokea ataanza kukata chuma, na chuma kikishakatwa hakirudi. Nami nitakuwa nimechangia hasara hiyo, kama itakuwa hasara, kwa maneno matatu ya adabu.

Ndiyo maana naandika. Mdomoni mimi ni mwoga. Kwenye karatasi najikaza, kwa kuwa karatasi haina macho.

Nikueleze adabu ilivyonifanya.

Wakati huo ulikuwa na meno manne. Mimi nilikuwa na mashine ya kuchomelea ya kukodi, kichwa kigumu, na elimu ya darasa la saba niliyoiongezea kwa kusoma magazeti ya kufungia vitumbua. Kwenye gazeti moja lililolowa mafuta nilisoma kwamba dagaa wanaoanikwa mchangani hawana bei nzuri, na kwamba wenye akili wanawaanika kwenye chanja zilizoinuliwa kutoka chini. Nusu ya pili ya habari hiyo ilikuwa imeondoka na vitumbua vya mtu mwingine. Nadhani ile nusu ndiyo iliyokuwa inanihusu.

Nikaenda mwaloni, pale mitumbwi ya dagaa inapoteremsha alfajiri. Nikawakuta wanawake wameinama, dagaa wametandazwa chini mpaka ufuko wote unang'aa kama bati jipya. Nikasema moyoni, watu hawa wanateseka, na mkombozi wao amefika leo kwa baiskeli.

Sasa usije ukafikiri sikuuliza. Niliuliza! Ningekuwa sikuuliza ningeshajisamehe zamani. Nilivaa shati jeupe, lile la harusi, nikachukua daftari, nikapita kwa wanawake kumi na wanane. Kila mmoja nilimkuta kazini. Akasimama, akajifuta mikono kwenye khanga, tukasalimiana salamu zetu zile ndefu, za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za mvua. Nikaletewa kigoda. Nikakaa, nikafungua daftari, nikauliza kwa sauti ya mtu wa serikali: "Mama, je, ungependa kupata chanja imara ya chuma ili dagaa wako wasiingiwe na mchanga?"

Ndiyo, baba. Nzuri sana, baba. Itatusaidia kweli. Wanawake kumi na wanane, wote ndiyo. Mmoja akaniambia, "Mungu akubariki." Nikaiandika kama oda.

Leo najua nilichokuwa nakipokea. Kwetu mgeni hakataliwi usoni. Mgeni mwenye shati jeupe na daftari anajibiwa ndiyo ili aridhike, anywe maji, aondoke, watu wamalize kazi kabla jua halijawa kali. Ile "ndiyo" yao ilikuwa kama kigoda tu. Walinipa nipate pa kukalia.

Aliyejaribu kuniokoa ni mzee Jayanti wa duka la vyuma pale mjini. Humjui, alishafariki. Familia yake ilikuwa inauza misumari Mwanza tangu kabla ya baba yangu kuzaliwa, na Kisukuma alikuwa anakiongea kuliko wewe. Nilipomwambia vyuma ninavyotaka, aliniangalia juu ya miwani.

"Masanja, vyuma vyote hivi unajenga nini?"

"Vitanda vya dagaa, mzee."

"Dagaa wanalala?"

"Vya kuwaanikia. Nimeuliza watu kumi na wanane, wote wamesema ni vizuri."

"Hata mke wangu anasema mimi ni mzuri." Akaendelea kupima. "Kuna aliyekupa hata kuku?"

"Kuku wa nini?"

"Wa kukushikia nafasi. Anayetaka kitu anaogopa mwenzake atamtangulia. Kuna mmoja hapo aliyeogopa?"

Nikamwona mzee ana wivu. Ndiyo, Kabula, nilimwona mtu mwenye duka zima la vyuma ananionea wivu mimi, mwenye baiskeli. Akaniuzia, kwa kuwa yeye alikuwa muuzaji wa vyuma, hakuwa baba yangu. Lakini nilipokuwa nafunga mzigo nilimwona akitoa chini ya meza daftari kuukuu, akaandika mstari mmoja, akalirudisha. Baadaye sana, tulipokuwa marafiki, alinionyesha. Hakuandikamo alichouza. Aliandika kila kitu ambacho mtu alikuja kukiulizia naye hakuwa nacho, na akaandika mtu huyo alikitaka cha kazi gani. "Kufuli dogo, la sanduku la mtoto wa shule ya bweni." "Mnyororo mfupi, wa mbuzi msumbufu." Kitu kikiulizwa mara ya tano, anakiagiza. Hakuwahi kumuuliza mtu angependa nini. Alikuwa anawasikiliza tu wanapokikosa.

Pesa ya vyuma ilitoka kwenye cherehani ya mama yako.

Hapo nimepunguza mwendo wa kalamu, kama umeona mwandiko umebadilika. Nilimuuliza mama yako, "Si wazo zuri?" Akasema, "Zuri." Nikamwambia cherehani itarudi baada ya miezi miwili, na nyingine juu yake. Akasema, "Sawa." Jumatatu ikabebwa na mtu wa Igoma. Mama yako akaisindikiza mpaka njia panda, akarudi, akawasha moto.

Nikatengeneza vitanda kumi na viwili. Nikavipeleka mwaloni kwa mkokoteni, na kwa kuwa nilitaka viitwe imara, miguu yake nikaisimika kwa zege. Wanawake wakaja, wakavigonga kwa vidole, wakavisifia. Kwa heshima yangu wakaanika juu yake siku tisa. Tulikuwa tumepatana watumie kwanza, kisha kila mmoja anunue cha kwake mwisho wa mwezi.

Halafu mwezi ukatoka. Ule wa angani.

Wewe umekulia Buswelu, dagaa unawajua kwenye sahani, kwa hiyo nikueleze. Dagaa huvuliwa kwa taa. Mtumbwi unawasha taa gizani, dagaa wanaifuata, wanavutwa. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haina kazi, na mitumbwi inalala. Giza likirudi, wavuvi hawarudi lazima palepale. Wanakwenda upande dagaa waliko, mwezi huu mwalo huu, mwezi ujao kambi ya kisiwani. Na wanawake wanaoanika wanawafuata. Wanafunga nyavu kuukuu, sufuria na watoto, wanapanda mtumbwi, wanahama. Kila mtu ziwani analijua hilo. Mtoto wa miaka mitano analijua. Mimi, mtoto wa wafugaji wa Bujora, sikulijua, kwa sababu kwetu mwezi ni wa kutazama tu, na kwa sababu lile daftari langu halikuwa na swali linalosema, "Mama, mwezi ujao utakuwa wapi?"

Nilifika asubuhi moja nikakuta ufuko mtupu na vitanda vyangu kumi na viwili, imara kabisa. Mbuzi walikuwa wamelala chini yake. Juu ya kimoja mtu ameanika sare za shule. Mzee mmoja aliyekuwa anapita akasimama, akavihesabu kwa fimbo, akaniuliza kwa upole kama hospitali imekaribia kufunguliwa.

Nilikaa pale mpaka saa sita mchana. Sikulia, kwa kuwa mbuzi walikuwa wananitazama.

Wanawake wengine walirudi baada ya kama miezi miwili. Kati yao kulikuwa na Mama Nyanjige, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita mtumbwi ulioko mbali. Ndiye yule aliyenitakia baraka. Nikamwendea moja kwa moja, safari hii bila shati jeupe.

"Mama Nyanjige, mbona hamkuniambia?"

"Tukwambie nini, Baba Kabula?"

"Kwamba mnahama!"

Akacheka mpaka akashika magoti. Akawaita wenzake. "Njooni mmsikie! Anasema tulimficha kwamba tunahama!" Wakaja, wakacheka wote, mmoja akakaa chini kabisa kwenye dagaa.

"Ulituuliza lini?" akasema. "Ulikuja hapa umevaa kama bwana harusi, ukasema, mama, hupendi dagaa wasiwe na mchanga? Nani anapenda mchanga? Wewe ukiulizwa kama unapenda mchanga kwenye mboga, utasema unapenda?"

"Si mngesema hata kwamba chuma ni kizito?"

"Tuliona umefurahi." Akaacha kucheka kidogo. "Baba Kabula, mtu akifurahi vile mbele yako, utamwambia nini?"

Leo nina jibu, na limenichukua miaka ishirini na kitu na mchoro mmoja wa machungwa kulipata. Utamwambia "wazo zuri sana, mama," mara tatu.

Nilitaka kuondoka. Mama Nyanjige akanitupia ufagio wa vijiti. "Umekuja na mikono? Kusanya hapo, mvua inakuja." Nikakusanya. Na pale, kwa mara ya kwanza, nikaona kazi niliyokuwa nimeitengenezea vitanda bila kuifanya hata dakika moja. Dagaa hawakuwa mchangani kama gazeti lilivyosema. Chini yao kulikuwa na nyavu kuukuu. Wingu lilipofika juu yetu, wanawake wawili wawili walishika pembe, wakakunja wavu kama shuka, wakaburuta chini ya turubai. Dakika chache, ufuko mtupu. Ungekuwa na vitanda vyangu ungezoa kwa viganja, kitanda kimoja kimoja, huku mvua inakuonyesha kazi. Habari ya mchanga walikuwa wameshaimaliza wenyewe, zamani, bila fundi.

Nikarudi kesho yake. Na kesho kutwa. Nilijiambia naokoa vyuma vyangu, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimeanza kupenda kutazama. Nikaona kitu ambacho hakuna hata mmoja kati ya wale kumi na wanane aliyekitaja. Kila walipopumzika, walisimama mkono mmoja umekunjwa ngumi, umebanwa kiunoni. Wanawake wa miaka thelathini wanasimama kama vikongwe. Dagaa lazima wageuzwe mara kadhaa kwa siku, na kuwageuza ni kuinama, kwa ufagio mfupi, kuanzia mwanzo wa wavu mpaka mwisho. Nilimuuliza Mama Nyanjige jana yake alikunywa dawa gani. Akanitajia bila kufikiri, akanionyesha na pakiti aliyoifunga kwenye pindo la khanga. Anainunua kila wiki. Ningemuuliza kama ana tatizo la mgongo angesema hana. Mgongo hawakuuweka kwenye matatizo. Waliuweka kwenye umri.

Hivyo ndivyo zilivyozaliwa reki za kugeuzia dagaa, zile zilizokusomesha. Ya kwanza ilikuwa ya chuma, kwa kuwa mimi ni mkaidi, na Mama Nyanjige akaitumia kuzuia mlango. Ya pili ilikata dagaa vichwa. Ya tatu ilikuwa ya mti mwepesi, mpini mrefu, meno ya mbao yaliyopigwa msasa, pana kama mlango, na kichwa kinachochomoka ili ifungwe pamoja na nyavu siku ya kuhama. Nilimwachia nikaondoka. Safari hii sikumuuliza kama ni nzuri. Nilikuwa nimeapa kutotumia hilo neno.

Niliporudi baada ya wiki nilikuta kelele. Mama Nyanjige na wifi yake wameshikana maneno, wifi aliazima reki asubuhi hakuirudisha, na mwanamke wa tatu amesimama katikati, anasema kama wanagombana basi apewe yeye. Hakuna aliyenisalimia. Hakuna aliyenisifia. Mmoja alinigeukia kwa hasira kabisa: "Na wewe! Ndio umeleta moja tu?"

Mwanangu, sijawahi kutukanwa vizuri namna ile. Jioni hiyo nilipita dukani kwa mzee Jayanti nikamwambia nimepata watu wanaoogopa kutanguliwa. Akasema, "Kuku?" Nikamwonyesha kwenye kapu la baiskeli. Walikuwa wawili.

Namshukuru Mama Nyanjige kila nikipita njia ya ziwani. Angeweza kunicheka na kuishia hapo. Badala yake alinipa ufagio. Namshukuru na yule mzee wa vyuma, aliyeniuliza swali sahihi nami nikaona ni wivu. Hata wale waliosema ndiyo nawashukuru, sina kinyongo, maana walinitendea kama mgeni, na mimi ndiye niliyekwenda kwao kama mgeni. Lakini deni la shukrani ambalo sijalimaliza liko jikoni saa hii, linakaanga karanga.

Mama yako alishona kwa mkono miaka mitatu. Cherehani iliporudi, mpya, nimeifunga utepe mwekundu, aliishusha, akaitia uzi, akaijaribu kwenye kitambaa cha jikoni. Ndipo nikapata ujasiri wa kumuuliza mbona siku ile hakusema kitu.

"Uliniuliza kama wazo ni zuri," akasema. "Hukuniuliza kama nataka kuuza cherehani."

Akaendelea kushona. Wewe umekua ukiusikia mlio wa cherehani ile kila jioni, ukadhani ni sauti ya kawaida ya nyumba. Mimi kila nikiusikia nashukuru, na kila nikiusikia najiona nilivyo na bahati kuliko akili.

Sasa turudi kwenye machungwa.

Ulinionyesha kwenye simu kwamba umeuliza watu kwenye kundi la WhatsApp, na arobaini wamesema juisi hiyo wangeinunua, wengine wameweka na vidole gumba na mioyo. Nilitazama ile mioyo nikaona kumi na wanane wangu, wamesimama, wanajifuta mikono. Sisemi wanakudanganya kwa ubaya. Wanakupenda. Walikuona umefurahi.

Mimi sijui kama Nansio watanunua. Nataka usikie hivyo vizuri, maana nisingependa uondoke na uongo wa pili, kwamba baba anajua haitawezekana. Inaweza ikawezekana sana. Nina maswali tu, na hayo hayajibiki kwa kidole gumba. Mahali ambapo karibu kila nyumba ina mchungwa uani, mtu ananunua juisi lini? Mara ya mwisho aliponunua kinywaji chochote cha chupa, ilikuwa siku gani, alikuwa na nani, na kwa nini hakunywa maji? Anayeshuka melini na jua la mchana, mkono wake wa kwanza unakwenda wapi? Na yale machungwa yanayooza, yanamuuma nani? Huenda yanakuuma wewe na mimi tunaoyaona kwa macho ya mjini, na mwenye mti anayaona kama majani tu. Huenda anayeumia ni mwenye mtumbwi wa mizigo, ambaye hatujamfikiria kabisa. Huenda kuna mwanamke pale sokoni amebana ngumi kiunoni kwa jambo ambalo halijui kama ni jambo.

Ukiwauliza kama wangependa, watakuitikia wote. Watakuletea na kigoda. Waulize ya jana. Ya jana mtu hana sababu ya kuyapamba, yameshapita. Na usiende na mchoro. Ukishauonyesha mchoro watu watakuangalia wewe mwenyewe usoni kujua waseme nini. Nenda na mikono. Omba kazi, yoyote, hata ya kupanga machungwa mafungu, ukae hapo mpaka wasahau kwamba una daftari.

Basi ombi langu, na si amri, ni hili: kesho usipite kwa fundi. Mwambie asubiri. Panda meli na pesa yako na begi lako, kaa Nansio mwezi mmoja, miwili, halafu kama bado unaitaka mashine ileile, nitakuja mwenyewe kuichomelea bure, na nitavaa shati jeupe. Ukipita kwa fundi nitaelewa vilevile. Ulinionyesha mchoro ukaniuliza baba unaonaje, wakati ungeweza kuniacha nikausikia mtaani. Kwa hilo nakushukuru, mama, kuliko ninavyoweza kuandika na kalamu hii. Swali lako lilikuwa la kweli. Jibu langu ndilo lililokuwa na kasoro, na hili hapa ndilo jibu lenyewe, limechelewa wiki mbili.

Nenda salama. Ukikosea, kosea kidogo, na upesi, na mahali ambapo mtu anaweza kukucheka kwa sauti.

Baba yako,
Masanja

Nimempa mama yako barua hii aisome kabla sijaifunga. Ameisoma amesimama, mwiko mkononi, yote. Anasema nimeandika vizuri, ila miadi ya fundi uliiahirisha wewe mwenyewe tangu Jumanne, Nansio umepata kazi ya kuuza chai bandarini, na pesa ya mashine iko kwenye sanduku lake la nguo.